Nikikimbia Si Habari

Jumanne, 22 Aprili 1958

Daftari hili sikulitaka. Nimepewa na Kombe, dresa wa zahanati ya Garsen, pamoja na amri: niandike kila siku nimetembea umbali gani, na kila Jumatatu nimpelekee asome. Kombe ni mtu wa Ozi, mpole wa sauti, ila akishakata shauri hapindiki.

"Nakujua wewe, Bonaya," aliniambia. "Ukiachwa hivi hivi utatoka mbio leo leo. Tumbo likifumuka, daktari wa Mombasa hatakuuliza wewe, ataniuliza mimi."

Haya, naandika. Mimi ni Bonaya, tarishi wa ofisi ya mifugo, miaka ishirini na minne. Tarehe 11 Machi nilipasuliwa ngiri huko Mombasa, nyuzi tisa. Ngiri yenyewe niliipata kwa kumwinua fahali aliyezama matopeni, fahali ambaye hata hakuwa wetu. Nina likizo ya ugonjwa hadi katikati ya Juni, nami niko kwa mama, manyata yetu ya bondeni, kati ya mto na ule mkondo wa zamani uliokauka. Kutoka hapa hadi Garsen ni maili tatu.

Jumamosi ya tarehe 7 Juni kuna mchujo wa mbio za maili sita. Wawili wa kwanza watakwenda Mombasa kwenye michezo ya jimbo. Mwaka jana nilikuwa wa kwanza. Mwaka huu nimelala wiki sita kama gunia la mahindi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kidonda.

Leo nimetembea hadi Garsen na kurudi.

23 Aprili

Nimetembea.

24 Aprili

Nimetembea. Wanawake waliobeba kuni wamenipita, wakanipa pole.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemwona Hersi. Baba yake ana duka pale Garsen na hununua ng'ombe wetu, naye hutumwa kuwaswaga hadi kwenye lori. Mwaka jana alikuwa wa pili, nyuma yangu. Leo alikuwa uwanjani amevaa kaptura nyeupe, anazunguka bila kuhema. Akasimama akanitazama ninavyokwenda kwa hatua za bibi harusi.

"Bwana Nyuzi," akasema. "Wewe kaa kivuli tu, pumzika. Mimi taenda Mombasa, tasalimia watu kwa ajili yako."

Nikacheka. Nilipofika mkondoni nikaokota donge la udongo nikalipiga kwenye mti. Hata kurusha donge kumeniuma ubavuni.

Jumatatu, 28 Aprili

Kombe amesoma. Amepiga mstari chini ya donge la udongo, akaandika: usirushe vitu.

Alhamisi, 1 Mei

Nimekimbia. Kombe, ukisoma haya, soma hadi mwisho ndipo ukasirike.

Nilitoka kabla ya jua, nikavuka mkondo mkavu, nikatembea hadi hakuna anayeniona. Kisha nikajaribu, polepole, nusu maili. Tumbo halikusema kitu. Nikaongeza nusu nyingine. Nilifurahi hata nikasahau kila kitu, na hapo ndipo kosa lilipoingia, kwa maana nilirudi manyatani mbio.

Sisi Waorma, mtu mzima hakimbii. Mtoto hukimbia, ndama hukimbia. Mtu mzima akionekana anaijia manyata mbio, ana habari: kuna aliyekufa, au ng'ombe wametekwa. Watu hawamngoji afike. Hili nimelijua tangu nianze kusema. Lakini miaka hii mitatu mazoezi yangu yote yalikuwa uwanjani Garsen, kwenye maduka na ofisi, ambako mtu akikimbia ni mambo yake. Miguu ilikuwa imesahau iko wapi.

Wa kwanza kuniona alikuwa Hawo, jirani yetu, anakamua. Akatupa chombo cha maziwa akapiga ukelele. Wanawake wengine wakaupokea ukelele bila kujua ni wa nini. Ami Abduba, ndugu mkubwa wa marehemu baba, akatoka na mkuki, kichwa wazi. Nilipofika nilikuta wanaume kumi na wanne wamepanga mstari na ng'ombe wameanza kugongana bomani.

"Nani?" akauliza ami. Maana yake, nani kafa.

"Hakuna, ami."

"Ng'ombe?"

"Wazima."

"Sasa unakimbia nini?"

"Nafanya mazoezi."

Sijapata kusema neno likaonekana la kipumbavu namna ile. Hawo akainama akaokota chombo chake, akatazama maziwa yanavyonywewa na mchanga.  Mama alijifunika ushungi akaingia ndani, na hadi naandika haya hajasema kitu.

Ijumaa, 2 Mei

Baada ya sala wazee wamekaa kwa ajili yangu. Nimetozwa kondoo dume na buni za kukaanga kwa samli, watu wote watafune. Nimekubali. Kisha nikawaomba jambo: nina mbio tarehe 7 Juni, lazima nikimbie kila siku, na uwanja wa Garsen umejaa ng'ombe wa mnada mwezi mzima. Wakanong'onezana sana. Mwishowe Ami Abduba akasimama akasema kwa sauti ya kutangaza:

"Kuanzia leo, Bonaya akikimbia si habari. Akionekana mbio asubuhi, akionekana mbio jioni, mtu asiinuke, mtu asipige kelele. Ni ugonjwa wake. Mwacheni nao."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Jioni, ndipo akasema: "Umekatwa tumbo ukashonwa, mimi nikakulilia siku saba. Sasa unataka watu wazoee kukuona unakimbia. Mimi sitazoea."

Nikamwambia Mama, hujui mambo haya. Nilisema kwa ukali. Ana nini mama huyu, kila ninachokipenda kwake ni msiba.

Jumatatu, 5 Mei

Kombe amekasirika, kama nilivyotarajia. Amenilaza kwenye meza, amenikohoza mara kumi huku ameshika kovu. "Limeshika," akasema, kama mtu aliyenyimwa haki yake. Ameniruhusu maili mbili, nisiongeze hadi wiki ijayo.

8 Mei

Maili mbili.

9 Mei

Maili mbili na nusu. Kurasa za nyuma za daftari hili Kombe hazifungui. Kuanzia leo hesabu ya kweli naiandika huku.

Jumatano, 14 Mei

Maili nne. Njia yangu sasa ni moja: navuka mkondo mkavu, nafuata ukingo wake wa ng'ambo kuelekea pale unapoachana na mto, halafu narudi. Upande ule wa mkondo umeinuka, ardhi ngumu, hakuna miiba mingi. Watu wa manyata wananiona juu ya ukingo kutoka mbali, kama nusu maili, na watoto wananiiga. Hawo akiniona anapunga mkono bila kuacha kukamua.

Usiku silali vizuri. Miguu inacheza yenyewe kwenye ngozi ya kulalia.

17 Mei

Hakuna mvua. Majani ya nyika hayajaota, na madimbwi ya huko ni vumbi. Kwa desturi wakati huu tungekuwa tumeshahama bonde. Wazee wanasema tungoje.

Jumatatu, 19 Mei

Hersi anakimbia maili sita kila siku, Kombe kanieleza. Nilimwuliza kwa muda gani, akasema yeye si saa.

Nimeona jambo la ajabu ndani yangu. Mwanzo nilitaka watu wasinitazame. Sasa hawanitazami, na linanikera. Leo nimepita maili tano, mbio nzuri kuliko zote tangu nipasuliwe, na hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa mama. Yeye kila nikipita anasimama mlangoni, ananitazama hadi nipotee. Simtaki yeye. Namtaka mtu wa kunisifu.

Ijumaa, 23 Mei

Ofisi imenituma na barua ingawa niko likizoni, kwa kuwa naishi bondeni. Simu ya upepo imesema mto umejaa sana huko juu, mvua ya milimani, na watu wa bonde wahamishe mifugo. Nimemsomea Ami Abduba barua.

"Garsen kumenyesha?" akauliza.

"Hapana."

"Nyikani kumenyesha?"

"Hapana."

"Nikihamia nyikani leo ng'ombe watakunywa nini, barua? Mto huja kila mwaka. Hufika kwenye mikuyu ile, hurudi."

Nilipaswa kumbishia. Barua ilisema wazi, sana kuliko kawaida, nami neno hilo nililisoma haraka haraka kwa sababu jua lilikuwa linashuka na sikuwa nimekimbia bado. Nikakunja barua nikaenda zangu. Maili tano.

25 Mei

Maji yamefika mikuyuni. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu. Maili sita, ya kwanza. Tumbo kimya.

27 Mei

Maji yamesimama palepale. Ami ananitazama kama aliyeshinda kesi. Maili sita.

Alhamisi, 29 Mei

Naandika haya kando ya barabara ya Malindi, chini ya turubai la duka la baba yake Hersi. Nitaandika yote, ya jana, hata yasiyonipendeza.

Jana alfajiri nilifika mwisho wa njia yangu, pale mkondo wa zamani unapoachana na mto. Ukingo wa mto haukuwapo. Mahali ulipokuwa palikuwa na maji mekundu yanaingia mkondoni, mapana kama boma la ng'ombe mia, na kila ninavyotazama kipande kingine cha udongo kinaanguka. Mto ulikuwa unarudi kwenye njia yake ya kale, na mbele yake, maili tatu chini, ni manyata yetu.

Nikageuka. Sijakimbia vile kabla ya kupasuliwa wala baada. Mwanzo nilikuwa mbele ya maji. Baadaye nikayasikia pembeni yangu chini, yanavunja vijiti. Nilipofika mkabala na manyata yalikuwa yamenipita na kina chake kilikuwa shingoni mwa mtu. Mamba huja na maji ya namna hiyo, na mimi si mwogeleaji. Kati yangu na mama palikuwa na mkondo na nusu maili ya uwanda.

Wao hawakuyaona maji. Mkondo uko chini, ukingo unauficha. Walichokiona ni mimi, juu, mbio, saa ileile ya kila siku.

Nikapiga kelele. Kusi ilikuwa inanivumia usoni, sauti ikarudi nyuma yangu. Nikapunga mikono. Hawo akapunga mkono. Nikavua shuka nikaipunga, nikakimbia huku na huku ukingoni kama kichaa, na watoto wakaanza kunifuatisha, wanapunga matambara na kurukaruka. Ami Abduba nilimwona amekaa kwenye kigoda chake. Alinitazama kidogo, akageuza uso. Bonaya akikimbia si habari. Maneno yake mwenyewe, kwa ombi langu mwenyewe, na kondoo nililipa.

Nikasimama.  Nikamwona mama mlangoni pake, amesimama kama kawaida yake.

Hapo nikaanza kutembea.

Nilitembea polepole, ukingoni, mkono nimeushika tumboni. Maji yalikuwa yanapanda chini yangu, na kila kiungo mwilini kikiniambia kimbia, kimbia wapi sijui, ila kimbia. Nikatembea. Hatua kumi. Hatua ishirini. Sijafanya jambo gumu kama zile hatua. Kisha nikakaa chini.

Mama akaachia nguzo ya mlango, akaja. Mama yangu, mtu mzima, mbele ya manyata nzima, alikuja mbio. Alidhani kovu limefumuka. Na watu walipomwona mama, Gumato, anakimbia waliinuka wote, kwa maana yeye hakuna aliyemtangazia kuwa si habari. Ami alimfuata na mkuki, wanaume nyuma yake. Walipofika ukingo wa upande wao waliyaona maji wenyewe. Mimi sikuhitaji kusema lolote. Mama peke yake hakuyatazama. Alinipigia kelele ng'ambo: "Limefumuka?"

"Hapana, Mama. Ng'ombe. Leteni ng'ombe."

Waliwavusha penye kivuko cha zamani, maji yakiwa kifuani mwa ng'ombe, wakubwa mbele. Mama alivuka ameshika mkia wa fahali, ushungi umebaki majini. Kavumbi, Mpokomo anayelima mpunga chini yetu, alileta mtumbwi bila kuitwa akawabeba wazee na watoto, safari tisa. Nami niliingia majini hadi kiunoni nikapokea ndama. Kombe asisome ukurasa huu. Hersi alitokea, kumbe alikuwa mazoezini barabarani akasikia kelele. Aliivua ile kaptura nyeupe akabaki na kikoi, akabeba ndama wawili wawili hadi adhuhuri. Hakuniita Bwana Nyuzi.

Hakuna mtu aliyekufa. Ndama kumi na saba wamekwenda na maji, na nyumba zote. Jioni bonde lilikuwa ziwa.

Wananishukuru. Kila anayenishukuru nakumbuka barua niliyoikunja, na neno "sana" nililolipita mbio. Sijamwambia mtu. Namwambia daftari.

30 Mei

Mvua imeanza, sasa.

Jumatatu, 2 Juni

Nimempelekea Kombe daftari zima, kurasa za mbele na za nyuma. Amesoma hadi ukurasa wa mwisho. Akanilaza mezani, akanikohoza. Kovu zima. "Barua uliisoma," akasema, "ila ukakunja upesi. Nenda kamwambie ami yako."

Nimekwenda nikamwambia. Ami akatafuna mswaki wake. "Hata ungeisoma mara tatu ningekaa," akasema. "Usijitwike langu." Sijui kama ni kweli au ni huruma.

Jumatano, 4 Juni

Nimekimbia maili moja tu, barabarani, na nimeletewa shauri.

Kambi yetu sasa iko kando ya barabara ya Malindi, maili mbili toka Garsen, na manyata nyingine mbili zimejiunga nasi. Watu wamekuwa wepesi wa kushtuka. Mbuzi akikurupuka, wanawake wanasimama. Wakisimama watu, ng'ombe wanasimama, na hawa ng'ombe wamechoka, wakikimbilia majini hawatoki. Leo nilipotokea mbio kambi nzima iliinuka, na ng'ombe watatu wakavunja uzio.

Wazee wamekaa. Ami akatangaza: "Lile neno la mwezi uliopita limeondolewa. Bonaya akikimbia ni habari, kuliko mtu mwingine yeyote."

"Jumamosi kuna mchujo, ami. Njia inapita hapa, kwenda na kurudi. Tutakuwa kumi na watatu."

"Hersi akikimbia ni Hersi. Wewe ukikimbia, watu hawa watainuka. Nani atawazuia? Miguu yao sasa inakujua."

Nikasema kwa hasira kwamba nimengoja tangu Machi. Nikasema mengi. Ami akaenda kutengeneza uzio uliovunjwa. Mama alikuwa anashona mkeka wa nyumba mpya, hakuinua kichwa.

5 Juni

Mvua. Sikukimbia. Nimeandika barua ya kujitoa, nimeiweka mfukoni.

6 Juni

Bado iko mfukoni.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi nilikwenda Garsen na barua. Nilipotoka mama hakuwapo kambini, nikadhani amefuata maziwa. Uwanjani karani aliniuliza jina, nami badala ya kumpa barua nikamwambia jina. Sina udhuru wa kuandika hapa. Nilitaka kukimbia.

Hersi alitoka mbele mapema. Mimi nilikaa wa tano. Maili ya kwanza nilikuwa nafikiri tu: nikifika karibu na kambi nitatembea. Nitatembea hadi niipite, halafu nitawafukuza, na kama sitawapata basi.

Tulipokunja kona kabla ya kambi nikamwona. Mama alikuwa amekaa chini katikati ya kambi na barabara, juani, peke yake, miguu ameinyosha mbele, mkeka mapajani, anashona. Watu wote wa kambi walikuwa nyuma yake. Walituona. Nikaona vichwa vinainuka, nikamwona Hawo anashika goti apate kusimama. Kisha Hawo akamtazama Gumato. Gumato, aliyesema hatazoea, anayesimama mlangoni kila nipitapo, alikuwa amekaa. Anavuta uzi. Hakutugeuzia hata uso. Hawo akakaa. Wote wakakaa, na ng'ombe wakaendelea kucheua.

Sikutembea. Nilimpita mama mbio, karibu hata vumbi langu likaangukia mkeka wake.  Tulipogeukia maili ya tatu nikawa wa tatu. Tuliporudi kupitia kambini nikawa wa pili, na yeye bado amekaa, amebadilisha upande wa mkeka tu. Hersi sikumpata. Alinishinda hatua arobaini, mbele ya watu wote, kihalali. Akaja akanipa mkono akasema, "Mombasa tutasafiri lori moja, wewe na mimi," nami nikafurahi kwa moyo mweupe, jambo ambalo Aprili nisingeliamini.

Karani akaandika majina, Kombe akanikohoza mbele ya watu, wengine wakataka chai. Ilipita saa nzima na zaidi kabla sijarudi kambini.

Nikamkuta mama palepale barabarani, juani, amekaa. Mkeka ulikuwa umekwisha kushonwa, amekunja mikono juu yake. Midomo ilikuwa imekauka. Hakujua tulikuwa wangapi, wala nani wa mwisho, akaogopa kuinuka mapema.

"Wamekwisha?" akaniuliza.

Nikamwambia wamekwisha. Ndipo akaninyoshea mkono nimwinue, kwa maana miguu ilikuwa imekufa ganzi.